Waja leo, waondoka leo: siku tisa kati ya meli na meli

Jumanne, Dar es Salaam

Ndege kutoka Mumbai imetua alfajiri. Miezi tisa kasoro siku nne nimekaa ndani ya meli ya shehena, mita 199 za chuma na watu 21, na kitu cha kwanza kunipokea nchini kwangu ni foleni ya mabegi.

Ajenti anayetutafutia meli alinipigia nikiwa bado Mundra, bandari ya India, vumbi la makaa ya mawe halijanitoka kuchani. Kuna baharia anashuka Santos, Brazili, anaumwa, na nafasi yake inataka mtu. Tiketi ni ya Jumatano ya wiki ijayo usiku. Nikasema ndiyo hata sijampigia mama watoto. Najua hilo nitalilipia.

Watu wa nchi kavu huniuliza, kwani wewe huna likizo? Ninayo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unatuhesabia siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa kazi, kwa hiyo nimechuma siku ishirini na kitu. Lakini kwa sisi wa mikataba ya miezi, likizo yenyewe hulipwa fedha, imo humo humo ndani ya mshahara, na ukishateremka ngazi ya meli mshahara nao umesimama. Ukikaa nyumbani unakula akiba. Na ukiikataa meli ya leo, hakuna aliyekuahidi ya kesho.

Leo nzima imeliwa na cheti cha afya. Hiki hudumu miaka miwili, changu kilikuwa kinaisha katikati ya safari. Damu, mkojo, masikio, kifua, halafu macho kwa kile kitabu cha vidoa vya rangi chenye tarakimu iliyojificha ndani yake, maana mtu anayekesha juu ya meli usiku lazima ajue taa nyekundu na taa ya kijani. Akizichanganya, hajui meli iliyo mbele yake inamwonyesha ubavu gani. Nimeingia saa mbili asubuhi, nimetoka saa kumi, kwa kuwa mashine ya kupiga picha ya kifua "ilikuwa imepumzishwa". Kadi ya homa ya manjano angalau haina neno: tangu 2016 chanjo ile inahesabika ya maisha.

Nimelala gesti ya Mbezi, karibu na stendi. Kutoka hapa hadi kwangu ni mwendo wa nusu siku, na nimelala hapa.

Jumatano, njiani

Basi la asubuhi. Kibaha, Chalinze, kisha unakata kulia unaiacha njia ya Morogoro. Daraja jipya la Wami tumelipita bila hata kupunguza mwendo. Lile la zamani lilikuwa jembamba, magari yanapishana kwa zamu, na sisi watu wa Tanga tulilijua kwa majina ya waliofia pale. Mkata, Kabuku, Segera. Segera ukiipita, hewa inabadilika, au labda ni mimi.

Baada ya Hale mkonge unaanza, mistari na mistari. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893, na kwa miaka mingi zao hilo liliufanya mkoa huu ujulikane ulimwenguni, kwani kamba za meli zilitokana nalo. Melini kwetu sasa hakuna hata uzi mmoja wa katani. Kamba zote za kufungia gatini ni za plastiki, na ikikatika moja chini ya mvutano inarudi kama nyoka, inavunja mguu. Nimekaa dirishani nikiyatazama mashamba, nikaona ajabu kwamba nimetoka Tanga kwenda kushika kamba zisizotoka Tanga.

Muheza machungwa yamepangwa barabarani vilima vilima, ni msimu wake. Nimenunua mfuko mzima kupitia dirishani, na kijana aliyeniuzia ameniita "mgeni". Nimecheka. Kumbe alikuwa ananipa habari.

Saa nane mchana nimeshuka Kange. Bajaji, Mikanjuni, mlango. Mke wangu amevaa gauni la sikukuu. Mama kaketi barazani na kanga mpya. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja kaniamkia vizuri, "Shikamoo baba," akasimama pembeni kama wanafunzi wanavyosimama akiingia mkaguzi. Mdogo wake wa miaka minne kanikagua kuanzia viatu hadi kofia, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Unaondoka lini?"

Mji wetu una jina lake la utani ambalo kila Mtanzania analijua: Tanga, waja leo waondoka leo. Wengine husema ni kwa sababu mji hauna cha kumshika mtu, wengine husema ni kinyume chake, kwamba mtu huja kwa siku moja akasahau kurudi. Mimi nimekuwa wa ile maana ya kwanza bila kutaka.

Chakula cha usiku kilikuwa pilau, samaki wa kupaka, na zile sahani za kabatini. Zile sahani hutoka kwa ajili ya wakwe na shehe. Nimekula kwa adabu.

Alhamisi

Saa tisa na dakika arobaini usiku macho yamefunguka yenyewe. Melini zamu yangu ni ya saa kumi alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na kengele hiyo imo kwenye mifupa. Nimetoka uani pole pole. Mlango wa uani umelia kama punda, bawaba moja imelegea, mlango unaburuza sakafu.

Asubuhi nikasema nitautengeneza. Mke wangu akasema, "Hapana baba watoto, pumzika wewe. Fundi atakuja." Nikataka kwenda dukani kuchukua gesi. "Kijana wa jirani ataleta." Nikashika ndoo. Nikanyang'anywa ndoo.

Waswahili wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimelala nikihesabu: jana moja, leo mbili.

Ijumaa

Siku ya tatu, na jembe halijatoka.

Kutwa watu wanaingia na kutoka. Baada ya sala ya Ijumaa nilipita makaburini kwa marehemu baba, nikang'oa magugu, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyenizuia. Niliporudi sebule imejaa. Kila mmoja ana neno lake: ada, bati, mgonjwa, harusi ya mwezi wa nane. Sina kinyongo nao. Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka na begi kubwa ni kama duka lililofunguliwa kwa saa mbili, utapanga tu foleni. Ila hakuna aliyeuliza melini tunakula nini, na nilikuwa na jibu zuri, mpishi wetu alikuwa Mfilipino anayejua kupika maharage kuliko shangazi yangu mmoja hapa.

Jioni binti kaja na daftari la jiografia. Latitudo na longitudo. Mwalimu kawaambia waandike Tanga iko wapi, naye kaandika "kaskazini mashariki mwa Tanzania" akapigwa mkasi. Hapo nikapata kazi. Nikachukua chungwa la Muheza, nikalichora kwa kalamu: hii ndiyo ikweta, hii ni mistari inayokwenda sambamba nayo. Sisi tuko nyuzi 5 na dakika 4 kusini.

Nikamwambia na lingine, ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Safari yetu ya mwisho tulipakia makaa Richards Bay, Afrika Kusini, tukapanda na Mlango wa Msumbiji, tukaiacha Komoro, tukaelekea India. Alfajiri moja nikiwa zamu, kioo cha GPS kikaonyesha 05°04' kusini. Mstari wetu huu huu. Tanga ilikuwa upande wa kushoto, kama maili 500 za bahari. Meli ile huenda noti 12, yaani maili 12 za bahari kwa saa. Kugeuza usukani tu, siku moja na robo tatu tungekuwa tunaona mnara wa simu wa Raskazone. Chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, akaniuliza unatazama nini huko, hakuna meli upande huo. Nikasema natazama tu.

"Sisi tulikuwa tunafanya nini?" akauliza.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili. Mmelala.

"Bibi hakulala," akasema. "Bibi huwa anapika vitumbua."

Jumamosi

Alikuwa sahihi. Saa tisa na dakika arobaini nimetoka uani, mlango ukalia, na jikoni taa inawaka. Mama yuko kwenye kigoda, mchele ulioroweshwa tangu jana umeshasagwa, unga uko kwenye sufuria unangoja tui. Siku mbili za mwanzo alijizuia kwa ajili yangu. Ya tatu imemshinda.

Mimi hutuma pesa kila mwezi, na sehemu ya pesa hizo nia yake ni mama asikae kwenye moshi. Nikamwambia hivyo. Akaendelea kupepeta iliki.

"Sasa nisipopika vitumbua, mwanangu, alfajiri nitaamkia nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamkia nini?

Ndipo akaisukuma mbuzi kwa mguu, ikateleza hadi mbele yangu, na nazi mbili zilizovunjwa. Hakusema karibu wala samahani. Nikaipanda mbuzi, nikakuna. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baharia anayejua kufungua na kufunga vifuniko vya ngama, tumbo la meli la mizigo, vyenye uzito wa tani na tani, nazi imenitoa jasho.

"Umefika kwenye kifuu," mama akasema bila kugeuka. Amesikia kwa mlio tu. "Tui litakuwa jeusi. Nani atanunua kitumbua cheusi? Utavila wewe?"

Wallahi sijawahi kukaripiwa nikafurahi namna ile.

Mchana nimekwenda na mjomba hadi juu ya bandari, sehemu ambayo ghuba yote unaiona chini, na Kisiwa cha Toten kimekaa katikati kama mtu aliyesahauliwa. Mjomba na marehemu baba walifanya kazi kwenye matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Tanga ya zamani gati lake lilikuwa na kina kifupi, kama mita 3, kwa hiyo meli kubwa ilitia nanga huko nje, tishari linavutwa na tagi hadi ubavuni, mzigo unashushwa humo, tishari linarudi gatini, unashushwa tena. Kila gunia linabebwa mara mbili. Mvua ikinyesha kila mtu anasimama. Kusi ikivuma kama sasa, tishari linapanda na kushuka, na kuli mmoja aliyekosea hatua huenda asirudi kwao. Meli ingeweza kukaa hapo siku nyingi, na mwenye meli analipa kila siku.

Sasa wamechimba hadi mita 13 na gati lina urefu wa mita 450. Leo meli ilikuwa imelala ubavu kwa ubavu na gati, kreni zinafanya kazi, hakuna tishari hata moja. Mimi nikaisoma kama mtu asomavyo sura: mistari ya ubavuni inasema imebakiza mzigo kama nusu, kamba ya nyuma wameilegeza mno, bosuni wao, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, amelala.

"Baba yako angeikataa hii," mjomba akasema.

"Kwa nini, mjomba? Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri. Lakini sisi tulikuwa tunapanda melini. Tunakunywa chai ya Mgiriki, tunamuuliza huko alikotoka kuna nini. Hawa wa leo wanafanya kazi na meli hawamjui hata mpishi wake." Akatema mate kando. "Na wewe ulianzia wapi kuzipenda meli, kama si kwenye tishari la baba yako?"

Ni kweli. Nilikuwa na miaka minane, nikafichwa kwenye tishari, nikapewa tofaa na baharia ambaye sikumjua kabila wala lugha. Lile tofaa limenipeleka mbali.

Tukarudi kwa miguu. Kijiweni kahawa na kashata. Mjomba akafungwa bao mara mbili, akasema ni kwa sababu yangu.

Jumapili

Mdogo wangu kaja kutoka Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia baharini. Yeye ni kibarua wa ujenzi, na mkataba wake unakwisha. Tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa wa nazi, mikono tu, sahani za kawaida. Nimezitambua sahani hizo, nimefurahi, sikusema.

"Kaka, nitie na mimi melini."

Nimemwambia ukweli, na naandika hapa kwa kuwa najua wako wengine kama yeye. Mlango wa kwanza ni mafunzo ya msingi ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na kila miaka mitano unarudi kuonyesha kwamba bado unaweza. Kisha kitabu cha baharia, pasipoti, cheti cha afya. Hayo yote pesa na subira vitayapata. Kigumu ni meli ya kwanza. Kila kampuni inataka mwenye uzoefu, na uzoefu unaupata wapi kama hawakuchukui? Mimi nilianza na majahazi ya mizigo ya Pemba, nikafuatia meli ndogo ya pwani, miaka minne, ndipo nikaona maji ya buluu.

Akatoa simu yake. Kuna mtu anamwandikia, anamwahidi kazi kwenye meli ya mafuta, mwezi ujao, bila vyeti, alimradi atume kwanza "ada ya nafasi". Ameshakopa nusu.

Nikaichukua simu nikaisoma mara mbili, kisha nikamrudishia. Mkataba ule ule wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Utalipia pasipoti yako, utalipia kitabu chako, cheti chako cha afya; nafasi hailipiwi. Anayekuuzia nafasi anakuuzia upepo, na akikupeleka kweli, basi mwogope zaidi, maana wako mabaharia wanaotelekezwa bandarini bila mshahara wala maji ya kunywa.

Hakupenda. Alidhani namnyima. Aliondoka magharibi bila kumaliza chai, na mama akanitazama kwa jicho la kusema mfuate. Nikamfuata hadi barabarani, tukasimama wote wawili tukingoja bodaboda, kimya. Ilipokuja akasema, "Basi pesa ya watu nitairudisha." Akapanda. Ndiyo tumepatana hivyo.

Jumatatu na Jumanne

Jumatatu asubuhi nimekuna nazi tatu, safari hii sikufika kwenye kifuu. Jumatatu mchana mke wangu amelipuka.

Ilianzia kwenye mlango. Fundi hakuja, mlango umemvunja kucha, akasema kwani nyumba hii ina mwanamume au ina picha yake. Nikasema si mlinizuia. Akasema tulikuzuia kwa kuwa ulikuja kama mtu wa kupita, ajenti anaulizwa kwanza, mimi ninapewa taarifa. "Ningekukatalia? Sikukatalii, mimi najua hesabu ya ada kuliko wewe. Lakini niulize!"

Nimeomba radhi. Sikuongeza kitu, kwa sababu kila nilichotaka kuongeza kilianza na neno lakini. Usiku tumekaa barazani hadi saa sita tukihesabu ada, bati, harusi, tukafuta mawili, na tukakubaliana kwamba baada ya hii ya Santos ninakaa nyumbani mwezi wa Ramadhani mzima, meli iite isiite. Ameandika nyuma ya kalenda.

Jumanne nimetengeneza mlango. Yaani nimetengeneza nusu. Bawaba ya juu nimeibadilisha, ya chini skrubu zimeliwa na kutu, nimehangaika nazo hadi kiza. Yule mdogo alikuwa ananishikia tochi, anamulika usoni kwangu. Akaniuliza tena naondoka lini. Nikasema kesho. "Na mlango?" akauliza.

Jumatano

Basi la saa kumi na mbili. Mama amenifungia vitumbua kwenye gazeti, kumi na vinne, amevihesabu mbele yangu. Binti kanipa karatasi: nikifika Santos nimwandikie nyuzi ngapi kusini. Najua tayari, ni kama 24, ila sikumwambia. Kutoka Santos tutapakia sukari kwenda China, kupitia chini ya Rasi ya Tumaini Jema, siku thelathini na kitu bila kuona ardhi ya maana. Hatutapita kwenye mstari wetu hadi tuupite mlango wa Sunda, kule Indonesia, mbali sana mashariki.

Uwanja wa ndege saa mbili usiku. Vitumbua vimebaki vitatu. Nimeketi karibu na mlango wa kuingilia ndegeni, simu ikatetemeka. Ni mke wangu. Nilidhani ataandika safari njema.

"Bisibisi umeiweka wapi? Mlango umekwama na mama yuko uani."

Nikajipapasa. Iko mfukoni mwa koti.